Namba Iliyogongwa kwa Nyundo

Fundi cherehani mmoja, mjane mwenye mvi kidevuni na ubishi wa watu watatu, aliigonga anwani ya intaneti ya nyumbani kwake kwenye vibati vya aluminiamu. Wala hakukosea, alikusudia. Kila mashine iliyopita mikononi mwake ilitoka na kibati kilichopigwa ribiti, vile vipini vya chuma, chini ya mkono wa mashine, na kwenye kibati kulikuwa na mistari miwili: juu namba ya mashine, chini 203.0.113.58. Aliigonga kwa nyundo na vichwa vya chuma, tarakimu moja moja, hata nukta hakuziacha, na wateja wakambandika jina la Mzee Nukta. Wengine walidhani ni namba za bahati nasibu, wakamwuliza droo ni lini.

Ukiiandika namba ile kwenye simu yako, ulikuwa unafika moja kwa moja kwenye kompyuta kuukuu iliyonguruma mchana kutwa chini ya meza yake ya kazi. Humo alikuwa ameweka michoro aliyoichora kwa mkono wake: namna ya kutunga uzi, pa kutia mafuta, jinsi ya kukaza mkanda. Chini ya michoro kulikuwa na kisanduku cha kuandikia. Eleza namba ya mashine yako na ubovu wake. Fundi anasoma, fundi anajibu. Mambo hayo alijifunza peke yake, kwa video na kwa ukaidi, na aliyaringia kuliko alivyoringia jicho lake la kutunga sindano bila miwani.

Binti yake, kitinda mimba anayeuza kwenye duka la dawa na bado anakaa nyumbani, alimwonya mapema sana.

"Baba, watu hawagongi namba hizo kwenye chuma. Tafuta jina la tovuti. Jina likishakuwa lako, namba ya nyuma yake ikibadilika hakuna atakayejua."

"Majina yanafanana," fundi akajibu, nyundo mkononi. "Mafundi wenye jina kama langu hapa mjini wako wangapi? Namba haina pacha. Cherehani ina namba, nyumba ina namba, hata maiti mochwari ana namba yake. Na hii tangu nifungiwe intaneti haijabadilika."

Hapo hakusema uongo. Haikuwa imebadilika kwa sababu ruta yake aliiunganisha na betri, kwa hiyo hata umeme ulipokatika mtaa mzima yenyewe iliendelea kupepesa taa zake. Alikuwa kama mtu aliyekalia kiti cha kuazima muda mrefu hadi akaanza kusema ameachiwa na babu yake.

Sasa, wateja wa kawaida wangekosa namba ile wasingekufa. Wangempigia simu, au wangekuja dukani na mashine kichwani. Fundi alikuwa na mteja mmoja tu ambaye kwake namba ile ilikuwa kila kitu, na mteja huyo alikuwa na mashine namba kumi na saba.

Mashine namba kumi na saba ilikuwa ya marehemu mkewe. Aliyeichukua ni mwanawe wa kwanza, waliyemwita Bobini, kama kile kigurudumu cha uzi wa chini, tangu utotoni kwa vile alivyokuwa akibingirika sakafuni kati ya miguu ya meza. Baada ya msiba, baba na mtoto walishindwa kukaa chumba kimoja. Bobini alitaka duka lifungwe, wahamie wote mji mwingine kwenye kazi za viwanda. Fundi akamwambia maneno ambayo mzazi hatakiwi kumwambia mtoto, likiwamo lile la usirudi. Bobini akabeba cherehani ya mama yake, akaondoka. Fundi hakumzuia. Hakumpigia simu, wala Bobini hakumpigia. Kila mmoja alikuwa anasubiri mwenzake aanze, na wote wawili walirithi shingo ile ile ngumu.

Kisha siku moja, kwenye kisanduku, kukaja ujumbe usio na jina: *Mashine 17. Inaruka mishono kwenye kitambaa cha jinzi.*

Fundi aliusoma huku amesimama. Akaketi. Akaandika jibu refu kupita kiasi, kuhusu unene wa sindano, mwelekeo wa sindano, na kasi ya mguu. Kesho yake likaja neno moja: *Imepona.* Baada ya hapo ikawa desturi. Mashine 17, uzi wa chini unajisokota. Mashine 17, gurudumu zito. Fundi alijibu yote bila kukosa, na wala hakuuliza ni nani. Angeuliza ya nini? Mtoto aliyekulia chini ya meza ya fundi hahitaji kufundishwa kugeuza sindano. Bobini alikuwa akiyajua majibu yote kabla hajauliza, na fundi alijua kwamba anayajua, na kwa njia hiyo ya kijinga baba na mwana walikuwa wanajuliana hali. Binti hakuambiwa. Lilikuwa jambo la wanaume wawili na cherehani.

Kampuni ya intaneti ikaja ikabadilisha mitambo mtaani. Waya mpya, kisanduku kipya ukutani, ruta ikazimwa, ikawashwa. Fundi aliwatazama mafundi wenzake wakifanya kazi, akasaini, akawashukuru. Hakushuku chochote. Kila asubuhi alifungua ukurasa wake kwenye kompyuta ile ile ya chini ya meza, na ukurasa ulifunguka vizuri, kwa kuwa humo ndani ya nyumba mambo hayakupitia nje. Kisanduku tu ndicho kilikuwa kitupu. Bobini kimya. Fundi akajiambia mashine imepona, akafurahi kifundi na kuumia kibaba.

Aliyekuja kumtoa usingizini ni mama mmoja anayeshona sare za shule, mteja wa siku nyingi na mdomo wake hauna breki.

"Mzee Nukta, siku hizi umekuwa benki? Nimeandika namba yako, inaniletea kitu cha kijivu kinaniuliza neno la siri. Cherehani yangu ina siri gani?"

"Umekosea namba."

"Nimekosea nini na umenigongea kwenye chuma? Shika mwenyewe."

Akashika simu ya yule mama, akaandika namba kwa kidole kimoja. Ukatokea ukurasa wa kijivu wenye visanduku viwili: jina la mtumiaji, neno la siri. Juu yake aina ya ruta asiyoijua. Hapakuwa na mchoro hata mmoja. Kitu cha kwanza kilichomjia si mteja aliyesimama mbele yake, ni Bobini, ameinamia simu mahali fulani, anatazama ukijivu huo huo.

Akapiga huduma kwa wateja. Ulipigwa muziki, ukapigwa tena, akaambiwa simu yake ni muhimu sana, muziki ukaendelea. Hatimaye sauti ya msichana ikaingia, tamu kama ya mtu anayeuza kitu.

"Karibu mzee wangu, nikusaidie nini?"

"Mmebadilisha namba yangu."

"Namba ya simu?"

"Namba ya intaneti. Anwani. Ilikuwa mbili sifuri tatu nukta sifuri..."

"Pole sana. Kwani intaneti haifanyi kazi?"

"Inafanya."

"Iko taratibu?"

"Iko sawa."

"Kwa hiyo mzee wangu," akauliza msichana, na kweli alitaka kujua, "tatizo ni nini?"

Fundi alieleza. Alieleza vibati, alieleza nyundo, akaeleza kompyuta ya chini ya meza. Upande wa pili alisikia vidole vikiandika, halafu vikaacha kuandika. Msichana akamshauri azime ruta na kuiwasha. Fundi akamwambia hiyo kuzima na kuwasha ndiyo iliyomfikisha hapa. Msichana akasema atalipeleka suala lake kwa wataalamu, na fundi alipokata simu alijua fika kwamba amekuwa akitwanga maji kwenye kinu.

Akaenda ofisini kwao mwenyewe, kibati kimoja mfukoni kama ushahidi. Ofisi ilikuwa na viti vya plastiki, kiyoyozi kinachodondosha maji kwenye ndoo, na kijana wa kaunta mwenye tai ambaye, ni haki kusema, hakuwa na dharau. Alikigeuza kibati mkononi mara mbili.

"Mzee, hii kazi nzuri. Ila nani alikwambia namba hii ni yako?"

"Nimekaa nayo miaka."

"Umekaa nayo, ndiyo. Lakini wateja wa majumbani hatuwapi namba ya kudumu, tunawaazima. Sisi tuna fungu la namba. Ruta yako ikiwaka inaomba, inapewa iliyo wazi. Ikizimwa ikakaa, namba inarudi fungungu—" akajikwaa ulimi, akacheka, "inarudi kwenye fungu, anapewa mwingine. Ni kama viti vya pale ulipokaa. Ukienda msalani ukirudi unakuta mtu."

"Basi mwambie huyo mtu anipishe."

"Hatuwezi."

"Ni nani? Nitamwomba mwenyewe. Nitamtengenezea cherehani."

"Mzee, taarifa za mteja hatutoi. Na yeye mwenyewe hajui kama ana namba yako. Labda hata hajui kama ana namba."

Hilo lilimchoma fundi kuliko yote. Kuna mtu mahali fulani mjini, hana hili wala lile, amekalia mlango anaogonga mwanawe.

"Namba za kudumu zipo," kijana akaendelea, akijaribu kuwa mwema. "Zinaenda na huduma ya biashara. Uje na usajili wa biashara, tutakupa isiyobadilika milele."

"Mtanipa hii?"

"Hapana. Nyingine."

"Basi milele yenu itanisaidia nini?" Sauti ilimpanda. Watu wa viti vya plastiki wakageuka. "Vibati vimeshagongwa! Mashine zimeshatawanyika! Mnataka nizunguke nchi nzima na patasi?"

Kijana akamwambia pole. Alisema kweli kutoka moyoni, na fundi akatoka nje akiwa na hasira zaidi, maana ni vigumu kumtukana mtu anayekuonea huruma.

Siku ya pili yake ndipo alipofanya jambo ambalo binti aliporudi kutoka kazini alilikuta linaendelea. Fundi alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya ruta, betri ameing'oa, waya wa umeme mkononi. Anachomoa. Anasubiri. Anachomeka. Taa zinapepesa, anasubiri zitulie, anainama kwenye kompyuta kutazama amepewa namba gani. Anasonya. Anachomoa tena. Cherehani za watu zilikuwa zimepangwa nyuma yake, hakuna hata moja iliyoguswa tangu asubuhi.

"Baba. Unafanya nini?"

"Naitafuta."

"Unatafuta nini?"

"Si wanasema wanagawa kutoka kwenye fungu? Basi nitaomba mpaka inirudie."

Binti akaweka mkoba chini polepole. "Baba, wateja wao ni maelfu. Na ile imeshikwa na mtu. Mpaka huyo naye azime, halafu wewe uwashe kabla ya mwingine. Utachomoa waya huo mpaka lini?"

"Mpaka inirudie, nimesema!"

Hakuwa akimfokea mtoto huyu kwa kawaida. Binti akamtazama vizuri: mvi zimesimama, chai ya asubuhi imeota utando kwenye kikombe, macho mekundu. Hakuna anayefika hali hiyo kwa ajili ya michoro ya kutia mafuta.

"Baba, nani anatumia hiyo namba?"

Fundi akachomeka waya. Taa zikaanza kupepesa. Akazitazama zile taa wakati wa kusema, maana kumtazama binti asingeweza.

"Kaka yako."

Akamsimulia. Mashine kumi na saba, kitambaa cha jinzi, uzi unaojisokota, gurudumu zito. Alisimulia kwa mkato kama anayesoma orodha ya vipuri, lakini alipofika kwenye *imepona* alijifanya anakohoa.

Binti alisikiliza hadi mwisho. Kisha akapandwa na hasira, hasira ya mtu aliyekaa katikati ya wagomvi wawili muda mrefu akibeba salamu ambazo hakuna aliyezituma.

"Kwa hiyo mnaandikiana. Mimi nikimpigia ananiuliza baba hajambo, nikirudi kwako wewe huulizi kitu, kumbe mnaandikiana habari za gurudumu! Baba, namba yake ya simu ninayo. Unajua ninayo. Si umpigie tu!"

"Nimpigie mimi? Aliyeondoka ni yeye."

"Na aliyemwambia asirudi?"

Fundi akaigeukia ruta. Ruta ilikuwa imetulia. Akainama kutazama, kwa mazoea tu. Mbili sifuri tatu, sifuri, mia moja kumi na tatu, kisha mia mbili na tisa. Akauachia waya ukadondoka sakafuni.

"Piga," akasema.

Binti hakungoja abadili mawazo. Simu iliita mara chache tu. "Kaka, shikilia hapo, kuna mtu," akasema, akamkabidhi baba yake, akasogea mlangoni lakini hakutoka.

"Mimi," fundi akasema.

Upande wa pili zilisikika mashine nyingi zikishona kwa pamoja, chumba kizima, kazi za kiwandani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Fundi alipiga moyo konde akaanza, upesi upesi, kama mtu anayeogopa kukatwa. "Sikiliza. Ile namba ya kwenye kibati imebadilika. Kampuni walizima mitambo, walipowasha wakanipa nyingine. Ya zamani wamempa mtu. Sisi wa majumbani wanatuazima, unaona, si yetu. Kwa hiyo ukiandika sasa hivi hufiki kwangu, unafika kwa mtu nisiyemjua hata mimi. Yule si mimi."

Alijisikia akitoa maneno ya yule kijana wa tai, na alijua yanavyosikika. Yanasikika kama kisingizio.

"Niliandika," Bobini akasema. "Ikaniomba neno la siri."

"Ee. Ndiyo huyo mtu."

"Nikasema baba ameweka kufuli. Amechoka na mimi." Alizungumza taratibu, akichagua. "Halafu nikasema, labda ameweka neno ninalolijua. Nikaandika jina la mama. Ikakataa. Nikaandika langu. Ikakataa. Nikaliandika langu kwa herufi kubwa, nikaliandika lote na ukoo, nikaandika Bobini. Mpaka ikanifungia kabisa."

Fundi akashika ukingo wa meza.

"Jumamosi nikaiuza mashine," Bobini akasema.

"Ya mama yako?"

"Nilikuwa siwezi kuitazama, baba. Kila nikiinama nakiona kile kibati."

"Umemwuzia nani?"

"Mpita njia tu. Simjui."

Kwa siku mbili nzima fundi alikuwa na watu wa kuwatukana: msichana wa simu, kijana wa kaunta, huyo mgeni aliyekalia namba yake. Sasa akawatafuta wote kichwani, hakumpata hata mmoja. Chumba kilikuwa na yeye, binti yake, na ruta inayopepesa. Machozi yalimlenga, akayaacha.

"Sikuwahi kuweka kufuli," akasema. "Hata siku moja. Na ningeweka, mwanangu, neno lingekuwa jina lako. Ungeingia mara ya kwanza. Ulipaswa kujua hivyo."

"Ningejuaje?"

"Nilikuwa nachomoa ile ruta tangu asubuhi. Nilitaka nikurudishie ile njia, ukijaribu tena unikute."

Mashine za kiwandani zilizidi kushona. Bobini alivuta pumzi, na alipoongea hakukuwa na hasira katika sauti yake, na hilo ndilo lililomkata fundi maini.

"Baba," akasema, "namba yangu mimi haijawahi kubadilika."